Tisheti za Binti Mfalme

Benchi la mtaa wa Najma, hapa Doha, halina mwenyewe. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya kreti za soda nyuma ya duka la chai ya karak, na anayewahi kuketi ndiye anayewahi kuamua mambo ya dunia. Jioni za Alhamisi, jua likishapunguza ukali, hapo hukaa Wakenya watatu. Yupo Oloo dereva, waliyempa jina la Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Nasimiyu, yaya katika nyumba moja ya Al Thumama na mwenyekiti wa chama chao, aitwaye Mama Mkutano. Na yupo Kiprop, mlinzi wa jumba dogo la maonyesho ya picha kule The Pearl, ambaye kwa kuwaeleza wenzake kila kilichoning'inizwa huko aliitwa Mwalimu wa Ukuta. Jina hilo alilipenda kupita la babake. Jioni hii alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja nalo.

Alifika wa mwisho, akakaa ncha ya ubao. Wenzake walikuwa wamevaa tisheti mpya zilizochapishwa uso wa msichana mweusi mwenye mkufu mpana wa fedha shingoni, na chini yake maneno: SISI UZAO WA KIFALME. Uso huo ulitolewa kwenye picha ya Ulaya ya miaka mia tatu iliyopita, iliyoko ukumbini kwa Kiprop. Yeye ndiye aliyewapeleka wanachama kuiona, na yeye ndiye aliyewaambia, kifua mbele, kwamba huyo ni binti mfalme kutoka kwetu. Kesho Ijumaa, siku ya ibada huku, baada ya kanisa, chama kizima kingeingia na tisheti hizo kwenye siku ya utamaduni, mbele ya Wakenya wa kila pembe ya Doha.

— Mwalimu, mbona hujavaa yako? aliuliza Nasimiyu.

— Iko kwa begi.

— Itoe basi. Kesho wewe ndio utatuongoza tukiingia.

— Nasimiyu, huyo si binti mfalme.

— Nani?

— Huyo. Kwa kifua chako.

Oloo aliinamia tisheti yake kama mtu aliyeambiwa amemwagikiwa na mchuzi.

Kiprop akawaeleza, macho chini. Asubuhi ile mwongozaji mpya, mama wa makamo, alileta wageni akawasimamisha mbele ya picha ile. Alisema matajiri wa Ulaya wa karne zile walipenda kuchorwa pamoja na mali yao: hariri, kasuku, mbwa, na watu. Msichana yule alikuwa mtumwa wa bibi Mzungu aliyeketi katikati ya picha. Na mkufu ule haukuwa mkufu.

— Ni wa kumfunga, alisema Kiprop. Hapa nyuma kuna kufuli kadogo. Mimi nilidhani ni urembo.

— Lakini wewe ulituapia, alisema Nasimiyu.

— Niliapa kwa sababu ya Mamajusi. Si kuna ile picha ya Yesu amezaliwa, chumba cha kwanza? Si mfalme mmoja ni mweusi, na taji, na dhahabu mkononi? Nikaona baba yuko chumba kile, binti yuko hiki. Kumbe katikati hapo kuna miaka mia mbili na meli za kubeba watu. Walianza kwa kutuchora wafalme. Biashara iliponoga, wakatuchora hivi.

Oloo alimsogelea Kiprop.

— Sikiza, buda, alisema Redio. Huyo mama wa maonyesho hajui baridi. Ulaya ya zamani haikuwa na hita. Hiyo fedha ilikuwa dawa ya koo.

— Dawa inafungwa kufuli?

— Fedha ni ghali. Hata wewe simu yako umeiwekea namba ya siri.

— Au aliposwa, alidakia Nasimiyu, sauti ikiwa na matumaini yasiyo na miguu. Mahari ikishalipwa, bibi harusi anafungwa kitu. Ufunguo anapewa mume.

— Hapo sasa umenena, alisema Oloo. Halafu fikiria hii. Kwetu Siaya mgeni akija anakaa, na mwenye nyumba ndiye anamhudumia. Kwa picha, nani amekaa? Mzungu. Nani amebeba sinia ya matunda? Wetu. Kwa hivyo nyumba ni ya nani?

Nasimiyu alianza kutabasamu. Kiprop naye alitaka sana kuamini, na kwa kutaka huko aliona uso ukimwaka.

— Kuna mbwa, alisema.

— Mbwa gani?

— Miguuni kwa yule bibi. Tulimkata wakati wa kuchapisha. Shingoni amevaa fedha kama hiyohiyo. Nimesimama hapo tangu maonyesho yafunguliwe, nimemuona kila siku, na sikuwahi kuwatazama wote wawili pamoja.

Oloo aliupapasa uso uliochapishwa kwenye tisheti yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini isiyo yake:

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake mtu hula kulingana na nguo aliyovaa. Sisi tukivaa hizi kesho, tutakula aibu.

— Wale Wakenya wa chama cha mji wa Wakra watatucheka mpaka Krismasi, alisema Nasimiyu. Uzao wa kifalme, na mtu amefungwa kama mbwa. Khalas, basi. Hatuvai. Mniletee zote, nitazifanya matambara ya kupangusia vioo. Hakuna mtu mwingine ajue.

— Hakuna ajue, alisema Oloo.

Kiprop alishusha pumzi. Aliona nafuu, ndivyo ilivyokuwa, akaitoa tisheti yake begini na kumkabidhi upesi mwenyekiti, aliyeiweka mapajani juu ya rundo la zile zisizochukuliwa bado.

Ndipo Chelsea alipotokea. Alikuwa mwanachama mpya, hajamaliza mwezi Doha, msaidizi wa wagonjwa, ameagizwa apitie benchini kuchukua tisheti yake ya kesho. Aliwasalimia kwa heshima, akamwona Nasimiyu akijifunika kifua kwa mtandio.

— Shikamooni. Nimekuja kuchukua yangu.

— Hazivaliwi tena, mamangu, alisema Nasimiyu. Tulikosea. Tulidhani ni binti mfalme, kumbe alikuwa mtumwa tu.

Chelsea aliutazama uso uliokuwa juu ya rundo mapajani mwa mwenyekiti.

— Kwani akiwa mtumwa, si wetu?

Hakuuliza kwa kuwasuta. Aliuliza kama mgeni anayetaka kujua taratibu za mji. Oloo aliinua glasi ya karak, akakuta imebaki mashapo, akaendelea kuishikilia mdomoni.

Kiprop alijua kwamba anayeulizwa ni yeye. Tangu asubuhi alikuwa ameona aibu kwa sababu ya msichana yule wa pichani. Sasa aliona aibu mbele ya msichana mwenyewe, kwa kumkana, na hii ilikuwa nzito zaidi. Chelsea alikuwa bado amesimama mbele yao, mkono ameunyoosha, akingoja tisheti yake.