Mguu wa Kinyozi Poda

Benchi lilikuwa la Poda. Hilo lijulikane mapema, maana ukipita kwenye kona ile ukawaona walivyojipweteka, utadhani wamezaliwa nalo. Poda ni kinyozi, na jina amelipata kwa sababu hakuna shingo inayotoka mikononi mwake bila kupakwa poda mpaka mgongoni. Alilinunua benchi lile wateja wapate pa kusubiria, na kweli walisubiria hapo, kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaja Hakimu, ambaye hajawahi kumhukumu mtu, alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Alikaa apumzike dakika tano, na huu ni mwaka wa tisa bado anapumzika. Akafuata Spana, fundi bomba, ambaye hungojea hapo simu za kazi, mfuko wa vifaa ukiwa miguuni pake. Saa nne asubuhi huja Shangazi na birika la kahawa, shangazi wa kila mtu pasipo kuwa na mpwa hata mmoja pale, akageuza ndoo yake na kuikalia. Poda hunyoa mlango ukiwa wazi, kwa hiyo maneno yote huyasikia na kuyachangia. Kikombe chake huwekwa kwenye rafu ya kioo, kati ya poda na spiriti, na hupoa hapo hapo. Kwenye kona ile kahawa iliyopoa ina jina lake, huitwa kahawa ya Poda.

Siku hiyo asubuhi hapakuwa na mteja, joto lilikuwa kali, na mguu wa kushoto ulikuwa unamwasha Poda tangu alipofungua duka. Akasimama nyuma ya kiti cha kunyolea, akakunja suruali hadi gotini, akaanza kujikuna kwa mpini wa brashi. Alidhani kiti kimemficha. Miaka mitatu alikuwa ameuficha mguu ule vizuri kabisa, hata mkewe aliambiwa ni uchovu tu. Alichosahau ni kioo.

— Poda, hicho nini? Spana akauliza kutoka nje.

— Kipi?

— Hapo mguuni. Mbona mabomba yako yamepinda hivyo?

Poda akaishusha suruali, lakini alikuwa amechelewa. Hakimu alikwisha kuinuka na miwani yake. Na watu wa benchi lile wakishapata jambo, kuwanyang'anya ni kazi. Poda akaona bora amalize aibu mara moja, akaikunja tena suruali mbele yao. Kuanzia nyuma ya goti mishipa ilikuwa imeshuka, minene kama kidole cha mwisho, rangi ya wino, imejisokota na kujipinda. Akawaambia kwamba asubuhi mguu huwa mwepesi, ila jioni huwa mzito kama umejazwa maji, na akivua soksi alama yake hubaki imezama kwenye ngozi. Kitu kimoja tu hakuwaonyesha. Soksi aliiacha juu, ikafunika pale juu ya kifundo.

Hakimu akatoa uamuzi kabla ya kukaa. Alisema damu imezidi. Mwili una kiwango chake, ikizidi inatafuta pa kukaa, na hapo ndipo ilipopata. Akakumbuka shauri moja la mtu aliyegongwa na baiskeli, akatokwa na damu nyingi, na tangu siku hiyo mguu wake ukawa mzuri. Shangazi akamuuliza ni mguu uliogongwa au ule mwingine. Hakimu akasema jalada halikueleza.

— Damu haijazidi, Spana akasema. Damu imegoma kupanda.

— Kupanda wapi?

— Kurudi. Sikilizeni. Moyo uko huku kifuani, sivyo? Unasukuma damu inakwenda chini, sawa, kwenda chini si shida. Lakini mimi nikitaka maji yapande ghorofani lazima niweke pampu. Sasa huku chini, kwenye kisigino, nani anaisukuma irudi juu?

Swali lilikuwa zuri, na kila mmoja alilisikia kuwa zuri. Hata Hakimu, ambaye tangu astaafu hajapungukiwa na jibu, alijikuta anautazama mguu wake mwenyewe kama wa mtu mwingine.

Shangazi akamimina kahawa taratibu. Akasema yeye, alipokuwa na mimba ya pili, alitokewa na vimishipa vyekundu nyuma ya paja, vyembamba kama nyuzi, vimetandaa kama utando wa buibui, na anavyo hadi leo. Alikwenda kliniki akitetemeka. Mkunga akamwambia vile havina neno, ni vya kutazamwa tu, ila mishipa minene ikimtokea arudi. Ndipo akamweleza habari ya kurudi kwa damu.

— Alisema pampu ni hili shavu la mguu, Shangazi akasema, akalipiga lake kofi. Ukitembea linakamua. Na ndani ya mishipa mna vijimlango, vinafunguka kuelekea juu tu, damu ikishapita haishuki tena.

Miaka yote ile Shangazi hakuwa amewaambia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Spana nusura amwage kikombe. Vijimlango hivyo anavijua, bomba la kisima linavyo, vikilegea maji hurudi chini na mzigo wote unakaa kwenye bomba. Basi hiyo ndiyo shida ya Poda, milango imelegea. Hapo wangenyamaza wangekuwa wamesema kweli tupu, na siku ingekwisha vizuri.

Lakini Hakimu hakuweza kukubali kushindwa na fundi bomba. Akasema chanzo kiko mbali zaidi. Binadamu alikosea siku aliyoamua kusimama kwa miguu miwili, na miguu imekata rufaa. Ng'ombe hana mishipa ya namna ile.

— Ng'ombe hana duka la kunyoa, Shangazi akasema.

Hakimu akashauri Poda awe anasimama kwa kichwa kwa muda wa saa mbili kila siku, na kama wateja watakuwepo, awanyoe hivyo hivyo. Walicheka, na Poda alicheka nao. Ila moyo wake haukuwa pale. Ulikuwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba waliyokulia, ambako baba yake, kinyozi kama yeye, alimalizia miaka yake ya mwisho mguu ukiwa umefungwa vipande vya shuka. Kidonda kilikuwa juu ya kifundo, kwa ndani, kikubwa kama kisosi, na kilikataa kufunga. Watu walisema mzee kakanyaga kitu alichotegewa njiani, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Poda ndiye aliyekuwa akifua vile vipande vya shuka. Kabla ya kidonda, baba alikuwa na baka la rangi ya kahawia mahali pale pale, linalowasha. Poda sasa alikuwa nalo. Aliogopa, na kliniki ndiyo aliyoiogopa zaidi, kwa kuwa huko ndiko wangemwambia.

Kwa hiyo Spana alipofungua mfuko, akatoa ule mpira anaokata kwenye mipira ya ndani ya baiskeli kwa kufungia mabomba yaliyopasuka, Poda hakukataa. Mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu. Spana akauzungusha chini ya goti mara tatu, akaukaza kwa ustadi wote wa kazi yake.

Mishipa ikasimama. Unyayo ukaanza kugeuka rangi.

— Inafanya kazi, Spana akasema.

— Kazi gani? Shangazi akauliza. Mfungue mwenzio.

— Dakika kumi, Hakimu akaamua, akatazama saa yake.

Ilikuwa dakika ya tano alipofika mama mmoja asiyejulikana pale, mpishi wa shule, nywele fupi zilizoanza kutoka kwenye kilemba. Alikuja kupunguzwa nywele. Akasimama mlangoni, akautazama ule mpira.

— Samahani, hapa mnanyoa au mnafunga watu?

Hakungoja jibu. Alichuchumaa, akaufungua mpira mizunguko mitatu, akampa Spana mkononi bila kumtazama. Akamwambia Poda achezeshe kifundo, juu na chini, juu na chini, mpaka rangi irudi. Kisha, mbele ya wanaume wale, akainua pindo la gauni kidogo. Chini yake, pamoja na joto lote lile, alikuwa amevaa soksi nzito ya rangi ya ngozi iliyombana hadi chini ya goti.

— Wewe ulibana juu, akamwambia Spana. Damu ikakwama chini. Hii inabana zaidi kwenye kifundo, halafu inalegea kadiri inavyopanda. Na walinipima kwanza, si kila mguu unafaa kubanwa.

Spana akaushika ule mpira kama ushahidi uliomgeukia mwenyewe. Akasema polepole kwamba ni kweli, ina maana, presha inatakiwa ianzie chini. Akauliza soksi inashonwaje ilegee kidogo kidogo hivyo, na mama mpishi akasema hilo hajui. Yeye alisimama kwenye masufuria miaka ishirini na miwili ndipo miguu ikamfanya hivyo, na mama yake mzazi alikuwa nayo pia. Kliniki walimpitisha kile kipimo wanachopimia wajawazito, juu ya mguu, akaiona damu yake mwenyewe ikirudi chini kwenye kioo cha mashine. Akachomwa sindano ya dawa iliyofunga mshipa mmoja mbovu. Mwenzake wa jikoni yeye alifungiwa wake kwa moto, waya mwembamba ulipitishwa ndani.

— Ukiifunga njia, damu itapita wapi? Hakimu akauliza, na safari hii hakuuliza ili ashinde.

— Nami niliuliza hivyo hivyo. Wakasema damu nyingi inapita mishipa ya ndani, hii ya juu ni vichochoro. Kichochoro kibovu ukikifunga, inazunguka kwingine.

 Poda akainama, akashusha soksi. Baka lilikuwa pale, la kahawia, pana kama kiganja cha mtoto, ngozi imekakamaa na kung'aa.

— Baba alianza na hapa, akasema. Kikawa kidonda, hakikupona mpaka tunamzika.

Hakuna aliyekuwa akijua. Hakimu akavua miwani.

— Alipelekwa hospitali? mama mpishi akauliza.

— Walisema amekanyaga kitu.

— Lako limefunguka?

— Bado.

— Basi wewe una nafasi ambayo yeye hakuipata. Ngozi ikibadilika hivi inakuita uende. Na siku mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hapo usisubiri hata kufunga duka.

— Watanikata?

— Mimi nilitoka pale natembea. Wako sijui, watakuambia wao wakiuona. Lakini sindano inafunga mshipa tu, kusimama kutwa haikuondolei.

Aliposema hivyo alikwisha kuinuka na kutafuta pa kukaa. Kwenye benchi, Spana na mfuko wake, na Hakimu. Kwenye ndoo, Shangazi. Kilibaki kiti cha kunyolea, cha kuzunguka, chenye mto na pa kuwekea miguu.

— Kiti hiki cha nani?

— Cha wateja, Poda akasema.

— Na benchi?

Hakimu akakohoa.

— La wateja pia, Poda akasema.

— Na kinyozi mwenyewe hukaa wapi?

Spana akamtazama Hakimu. Shangazi akaangalia ndani ya birika. Poda mwenyewe alitafuta jibu kwa moyo safi, kwa sababu lilikuwa swali jepesi. Hufungua duka saa mbili asubuhi na kulifunga saa moja jioni. Chakula cha mchana hula ameegemea mwimo wa mlango. Hakuna aliyewahi kumkataza kukaa, na hilo ndilo lililomchoma.

— Nywele zangu hazina haraka, mama mpishi akasema. Kaa.

Poda akakaa kwenye kiti chake kwa woga kidogo, kama mtu aliyeingia duka la mwingine. Hakuwahi kukiona kioo kutoka pale. Aliona vumbi juu ya rafu ambalo wateja wote wamekuwa wakilitazama na kunyamaza. Aliona uso wa baba yake ukimwangalia, umechoka, na hakuukimbia.

Benchi likaburuzwa. Alikuwa Hakimu, amelishika upande mmoja na Spana upande wa pili, wakaliingiza hadi mbele ya kiti, wakauinua mguu wa kushoto na kuulaza juu yake. Spana akakunja taulo, akaliweka chini ya kisigino. Hakimu akaomba karatasi. Kwa mwandiko wake wa mahakamani akaandika kwamba kesho duka halitafunguliwa, kinyozi amekwenda kliniki, akaibandika mlangoni na kubaki amesimama hapo hapo, kwa sababu sasa hakuwa na pa kukaa.

Shangazi akaliinamisha birika mpaka mwisho. Kilitoka kikombe kimoja, akampa Poda mkononi badala ya kukiweka kwenye rafu. Poda akapiga funda kubwa, kama alivyozoea kuinywa kahawa yake miaka tisa, na ikamuunguza ulimi.