Kinu na Mtu wa Ng'ambo

Sogeeni wanangu, na wewe Mkubwa weka simu hiyo chini, maana pumzi niliyobaki nayo ni chache kuliko maneno. Asubuhi nimewasikia mkinong'ona ukumbini kana kwamba nimeshazikwa: bwana mwenye hoteli anayataka mawe ya kinu, akayapange bustanini wageni wapige nayo picha. Sikukasirika. Nilicheka, kikohozi kikanikata.

Kinu kile alikijenga baba yenu kabla hamjazaliwa, akayachepusha maji ya mto kwa mtaro aliouchimba kwa jembe, na mtaro huo ndio uliotugombanisha na mkulima wa ng'ambo, kwa kuwa ulimpunguzia maji ya mboga zake. Walitukanana mpaka makoo yakakauka, kisha wakanuniana, na baba yenu alipofariki nikarithi kinu pamoja na ugomvi wake. Enzi zile wateja walijaa hadi nje, wanawake na madebe yao, unga na masengenyo vikitoka pamoja. Ikaja mashine ya umeme kule njia panda, wakahama mmoja mmoja, nanyi mkahama, wala siwalaumu. Lakini upweke ulinitesa, wanangu. Niliongea na paka hadi paka akanichoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mawe ya kinu hayazungushwi matupu. Yakikosa nafaka katikati yanalana yenyewe. Basi kila asubuhi nilimimina kopo la mahindi, nikafungulia maji, nikayaacha yangurume, si kwa ajili ya unga, bali nisikie kitu kinachotembea humu ndani. Sikujua kwamba kuna mwingine anayesikiliza. Siku nilipoanguka jikoni na kinu kikanyamaza, hakuja mtu isipokuwa mkulima yule yule, kavuka mto kwa fimbo yake, nguo zimelowa hadi kifuani, akasukuma mlango akasema, "Mama Kinu, mbona leo kimya?" Miaka yote ile hakuwahi hata kunisalimu. Akanipikia uji, akaukoroga vibaya ukawa na madonge, nami nikaunywa wote huku machozi yakinitoka.

Kwa hiyo shikeni neno langu. Nyumba na shamba la juu mgawane sawa, na dada yenu asipunjwe eti kwa sababu ameolewa. Kinu nampa mkulima: mawe, gurudumu na mtaro wote. Akitaka kuufukia mtaro apate maji yake, aufukie, asiwepo wa kumwuliza. Mkubwa, usinikunjie uso. Huyo wa hoteli atapata mawe mengine.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha.

Mto umejaa kwa mvua hizi, na yule mzee ni mbishi, magoti yake hayana nguvu tena. Nikiondoka kabla hakujapambazuka, msianze kulia. Fungulieni maji kwanza, mimineni mahindi, kinu kingurume kama siku zote, asije akavuka. Kisha mmoja wenu azungukie darajani, amfuate hadi kwake, amwambie kwa mdomo... taratibu... amkalishe chini kwanza.

Nishikeni mkono. Wote... hata wewe Mkubwa, nakubariki. Mungu ampe kila mmoja wenu... mtu wa kushtuka... siku atakaponyamaza.