Sauti ya Sista Polepole

Ndugu, jamaa na majirani mliotufikia, mimi ni mdogo wake marehemu, mpishi wa meli, yule aliyezunguka dunia nzima akarudi na kitambi tu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, na tarehe 3 Machi 1979 akahitimu uuguzi, akapangiwa wodi ya upasuaji, ambako alidumu miaka thelathini na nane. Huko wagonjwa walimwita Sista Polepole, kwa kuwa hakuna aliyesaini fomu ya upasuaji kabla dada hajaketi ukingoni mwa kitanda, akamsomea yote kwa sauti, akamwuliza ameelewa nini, huku daktari mlangoni, glavu mkononi, akitazama saa ya ukutani.

Aliolewa na fundi cherehani tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa mabinti wawili, na shemeji akatangulia mwaka 2011.

Alistaafu 2017, fomu zikiwa zimeshahamia kwenye simu. Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2024, akaniandikisha mimi kuwa msemaji wake hospitalini, kwa madai kwamba mabinti watalia, mimi angalau nitawachekesha wauguzi, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, bomba la kupumulia sitaki. Niacheni niongee mpaka pumzi iishe."

Tarehe 2 Mei mwaka huohuo fomu ya hospitali ya kumwekea bomba ilinikuta kwenye simu, bandari ya mbali, kurasa kumi na mbili, nikabonyeza "Nakubali". Ningependa kuwaambia sikusoma, lakini neno bomba nililiona, ila nilitaka mno nimkute hai. Nilimkuta, siku ya tano, mkono una joto, macho yananitambua, bomba kooni, sauti hakuna. Nilikiri mbele yake, daktari akamwuliza mwenyewe kama bomba litoke, akaitikia kwa kichwa, likatolewa tarehe 8 Mei saa nne asubuhi, na saa sita kasorobo akafariki, midomo ikisogea, sikio langu likiwa pale pale, nisipate hata neno moja.

Tunamshukuru daktari huyo kwa kuuliza, wauguzi waliomgeuza huku wakipiga naye soga kana kwamba angewajibu, majirani waliotulindia nyumba, na wafanyakazi wenzake mliokuja na sare zenu.

Dada, ulilokuwa ukisema bado nalitegea sikio. Wewe pumzika, kwa amani yote.