Kiti Kinacholala

Katika basi la uwanja wa ndege, mshonaji mmoja mjane alimwambia muuguzi aliyeketi kando yake, "Kitinda mimba wangu kahangaika mwezi mzima kunitafutia ndege yenye kiti kinacholala kama kitanda. Nikifika, nitaomba wanibadilishie."

"Mama! Watu wanakililia kiti hicho!"

"Huko kila mtu hufungiwa peke yake na kizimba chake, kama kuku anayeatamia. Mimi na marehemu tulisafiri kwa treni siku mbili, nikalala begani kwake. Kulipokucha mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, akaninywesha chai kwa ule mwingine."

"Sasa leo utamlalia nani, mama? Mgeni?"

Mshonaji alicheka mpaka akafuta macho. "Angalau nitasikia mtu anapumua."

Basi liliposimama, muuguzi alimbebea begi, wakashuka polepole.