Mursal Kerrow, Mfugaji Aliyesoma Nyayo za Kasa

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Chai iwe karibu, watoto watulie kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Mursal Kerrow wa Garissa, tuliyemzika Ijumaa iliyopita. Mtoto wa wafugaji wa ngamia, aliyewafungulia vijana wa Kaskazini Mashariki mlango wa elimu ya bahari. Ndiyo, bahari! Sisi ambao hata mvua hutujia kwa kubembelezwa.

Turudi mwaka 1966. Vita vya shifta, kati ya serikali na waliotaka mkoa wetu ujitenge, vimepamba moto. Kuvuka daraja la Tana bila kibali ni kujitafutia balaa. Mursal ana miaka kumi na tisa. Kituo kimoja cha masomo ya bahari kule Kilifi kinafundisha vijana wa kila mkoa. Mkoa wetu umepewa nafasi moja, ya majaribio. Akifaulu Mursal, wengine watafuata. Akishindwa, mlango umefungwa. Nafasi moja tu, wasikilizaji.

Dada yake, Bi Habibo, anakumbuka majirani walivyomcheka. "Walisema, sisi watu ya ngamia, huyu anaenda kusomea samaki? Walahi, atarudi mdomo inanuka! Mama alilia, lakini akampa maziwa ya njiani."

Kazi ya Kilifi ilikuwa hii: kila asubuhi wanafunzi watembee ufuoni, wahesabu kasa waliopanda kutaga, kwa kufuata alama walizoacha mchangani. Mwezi ulipopita, wenzake waliandika: kasa tisa. Karatasi ya Mursal haikuwa na tarakimu hata moja. Ilikuwa na maelezo matupu: yule anayeburura mguu wa kushoto, yule mpana mwenye hatua fupi, yule mwenye pupa ya kuchimba.

Mkuu wa mafunzo, Mwalimu Famau, akawaka. "Nimekuomba hesabu, wewe waniletea hadithi? Nafasi ya mkoa wenu waichezea?"

 Kwao Mursal mnyama aliye hai hahesabiwi, ni kumwitia husuda. Mfugaji humjua kila ngamia wake kwa sura na kwa nyayo, basi. Mursal akajikaza, akasema, "Mwalimu, kwetu kuhesabu ni mwiko. Lakini hao tisa si tisa. Huyu anayeburura mguu amekuja mara tatu, kila baada ya siku kumi na mbili. Alhamisi atarudi."

Darasa likaangua kicheko. Famau hakucheka. Alhamisi alfajiri wakamkuta kasa angali anafukia mayai, mguu wa kushoto umekatika ncha. Famau akamfunga waya wa shaba, awe na alama. Siku kumi na mbili baadaye, kasa huyo akarudi na waya wake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Famau aliwaambia wanafunzi. "Tumekuwa tukimhesabu kasa mmoja mara tatu." Akampa Mursal cheti. Akaandika barua pia: kituo kinaomba vijana sita zaidi kutoka mkoa ule.

Mnamo 1967 Mursal akaanza safari zake: Bura, Wajir, hadi Bute, kibali mfukoni, akiwaomba wazazi watoe vijana, wasichana wakiwemo. Mzee mmoja wa Wajir akamuuliza, "Binti yangu Rukiyo atalazimishwa kula samaki?"

"Hapana, aabo, baba yangu. Atafundishwa kumjua tu."

Rukiyo huyo akawa mtafiti wa bahari, na wiki hii amesafiri kutoka Mombasa kuja kukaa na wafiwa. Anasema, "Niliogopa kuingia darasani. Watu walikuwa wamekulia majini, mimi nimekulia kwa mbuzi. Mwalimu Mursal akaniambia: alichokufundisha mama yako, wale hawana. Wapelekee." Nakiri, wasikilizaji, niliposikia hayo nilijivunia kuzaliwa hapa.

Bi Habibo na jamaa wote wa Kerrow, poleni sana. Mwenyezi Mungu amjaalie Firdausi. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jioni hii mtafuteni yule kijana mnayemwona hajui kitu. Muulizeni: unajua nini tusichokijua sisi? Kisha nyamazeni, mpaka ajibu.