Mwalimu Enhe na Viti vya Duara

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha maadili ya uuguzi katika chuo chetu, Mwalimu Enhe anastaafu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wanafunzi, akalipokea akicheka.

Aliletwa chuoni kutoka wodini, alikokuwa muuguzi kiongozi wa zamu. Siku ya kwanza alikuta viti vimepangwa safu, akavigeuza duara, na mhudumu wa usafi akalalamika hadi kwa mkuu wa chuo. Duara likabaki. Humo hakutusomea notisi tunakili. Aliuliza swali, akachomeka chaki nyuma ya sikio, akanyamaza.

Darasa letu lilimwelewa vibaya tangu mwanzo. Aliuliza kama muuguzi anaweza kumficha mgonjwa ukweli. Mmoja akasema anaweza, mwalimu akaitikia "enhe". Mwingine akasema hata kidogo, naye akapata "enhe" yake. Basi, kazi ikaanza! Kila upande ukatoka ukijigamba kwamba umeshinda, na bwenini hakukulalika. Ilituchukua muhula mzima kung'amua kwamba "enhe" ile haikuwa "ndiyo". Ilikuwa "endelea, bado hujamaliza".

Mimi nililiogopa duara lile kuliko mtihani. Nina kigugumizi. Tangu shule ya msingi watu walinimalizia sentensi, kwa huruma tu, na mara nyingi walimalizia nisichotaka kusema. Nilishaamua kuacha chuo, maana muuguzi asiyeweza kuzungumza na mgonjwa atamfaa nani? Zamu yangu ilipofika nikakwama kwenye neno la kwanza. Jirani yangu akafungua mdomo anisaidie, mwalimu akamzuia kwa kiganja. Akanitazama, akasema "enhe", akangoja. Loo, kimya kile! Kisha neno likatoka, na mengine yakafuata: kabla ya kuamua kumficha mgonjwa ukweli, tumwulize kwanza anataka kujua kiasi gani. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu, bila shaka, akasema "enhe", ikabidi niendelee.

Sikuacha chuo. Leo nafundisha katika chumba kinachopakana na chake, na viti vyangu navyo ni vya duara.

Ameandaa mtaala wa maadili tunaoutumia hadi sasa. Ameongoza pia kamati ya nidhamu, ambako watuhumiwa walijitetea, wakapata "enhe", wakajitetea zaidi, hadi wakajikuta wamekiri wenyewe.

Ahsante sana, mwalimu wetu. Ahsante pia kwa mkeo, anayetuambia kwamba nyumbani mwenye kusema "enhe" ni yeye. Mpumzike kwa afya na furaha, na wajukuu wawachoshe kwa maswali.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuyasoma maneno haya ukumbini. Nikikwama, tafadhali mtu asinimalizie. Mwalimu amekaa kiti cha mbele, na anajua la kusema.