Muhogo wa Nazi kwa Aliyemuuza Nambewe

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Watulizeni watoto, vikombe vyenu viwe karibu. Leo tunamkumbuka Bi Damari wa Mkunazini, aliyefariki mwaka 1913. Mimi sikuwepo; nikisema nilikuwepo, msiniamini. Lakini bintiye, Bi Roda, alikuwepo, na Bi Roda hakuwa na tabia ya kuongeza chumvi. Chumvi naongeza mimi.

Bi Damari alikuwa Mkristo, na alikuwa mpishi. Muhogo wake wa nazi ukitokota Mkunazini, watu wa Uroa, upande wa pili wa kisiwa, walijilamba vidole. Bisheni mkitaka.

Hakuzaliwa Unguja. Aliletwa kutoka bara, utumwani, yeye na mdogo wake, Nambewe. Biashara ile ilikwishapigwa marufuku, kwa hiyo wakafichwa Mangapwani, chini ya ardhi. Siku nne walishikana mikono. Siku ya tano akaja mwenye mali, jina lake Ghanim, akawabandua vidole, kimoja kimoja. Damari alikuwa na homa, akaachwa. Nambewe akapelekwa pwani. Nambewe hakuonekana tena.

Damari akapona, akatoroka, akapokewa na wamisheni. Akabatizwa, akaolewa, akamzaa Roda. Lakini kila mgeni aliyeshuka forodhani alimwuliza: "Huko utokako, hukumwona mwanamke mwenye mwanya, akicheka anaziba mdomo?"

Hakuna aliyemwona.

Mwaka 1903 akasikia kwamba Ghanim kafilisika, kapofuka, jamaa wamemkimbia, anaishi peke yake kibandani Kikwajuni, ng'ambo ya daraja. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo Bi Damari akapakua bakuli la muhogo, akavuka daraja.

"Nani?" mzee akauliza.

"Damari. Yule wa homa, wa Mangapwani."

Mzee akanusa. "Umetia sumu?"

Bi Damari akajikalia chini, akala. Akala, akala, hata ikafika nusu ya bakuli. "Haya, sumu nshaimaliza. Kula iliyobaki."

Jirani, Bi Kulthum, akamsuta akitoka: "We Damari, huna haya? Mtu kamuuza mdogo wako, nawe unamtilia nazi!"

"Kanisani tumeambiwa tumlishe adui, Bi Kulthum. Hatukuambiwa tumngoje mpaka atubu."

Lakini tusimfanye malaika, wapendwa. Lilikuwepo lililomkaa rohoni. Katika dunia nzima, aliyejua Nambewe kapelekwa wapi ni Ghanim peke yake. Wiki tatu Bi Damari alimlisha asiulize. Wiki ya nne likamtoka.

"Mdogo wangu ulimpeleka wapi?"

Mzee akafikiri. Akafikiri sana. "Wallahi, Damari, simkumbuki. Walikuwa wengi."

Simkumbuki! Afadhali angesema kafa.

Bi Damari akalichukua bakuli lake, akaenda zake. Kesho yake hakwenda. Kesho kutwa hakwenda. Bi Roda alitusimulia: "Mama alipika akamwaga. Akapika tena, akamwaga." Siku ya tatu akapika, asimwage.

"Nlijua hutarudi," Ghanim akasema.

"Hata mimi nlijua hivyo. Sasa sikiliza. Humkumbuki, basi ntakukumbusha. Kula."

Tangu siku hiyo mzee akila, Bi Damari akihadithia. Nambewe alivyoogopa kuku. Nambewe alivyoimba akitwanga, maneno yakampotea, akaimba jina la mchi. Miaka kumi, wapendwa. Miaka kumi, bila kupata hata chembe ya habari ya alikokwenda. Na nyumbani kwake hakulitaja jina lile hata mara moja. Alilitaja kule tu, mbele ya aliyemuuza.

Mwaka 1913 kifua kikamchukua Bi Damari. Siku ya tatu baada ya mazishi Bi Roda, msichana wa miaka kumi na tisa, akabeba bakuli, akavuka daraja. Mzee Ghanim hakuligusa.

"Mamako alinambia wewe hujui. Kaa, mwanangu. Ulikuwa na mama yako mdogo, akiitwa Nambewe. Alikuwa na mwanya, akicheka anaziba mdomo. Aliogopa kuku. Mimi ndiye niliyemuuza."

Bi Roda alisema: "Nilitaka kummwagia bakuli lile kichwani. Nikakaa. Hakubaki mwingine wa kunambia."

Kwa wajukuu wa Bi Damari, mlioko Mkunazini, na kwa wajukuu wa Ghanim, popote mlipo: poleni. Msiba wa zamani nao ni msiba. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wenu anamjua mtu aliyemkosea, na huenda mtu huyo leo hajala. Sikwambieni mumsamehe; hilo ni lenu na Mungu. Nauliza tu, jikoni mna nini?